Fagio Mia Nne za Kilima cha Mbavuni

Kabla sijafika mbali, naomba ieleweke kwamba Jamhuri ya Nadhifia haijawahi kukumbwa na ukame. Wanaosema kulikuwa na ukame ni wachochezi, na wengi wao hawana hata cheti cha hali ya hewa. Kilichotokea ni kwamba kwa misimu miwili mfululizo jua lilitupenda kupita kiasi. Wizara iliwahi mapema kutoa waraka, ukabandikwa kwenye kila mlango wa ofisi: neno "ukame" lisitumike tena, badala yake tuseme "ukaribu wa jua". Neno "njaa" nalo likapumzishwa, tukapewa "subira ya chakula". Mimi nilikuwa wa kwanza kuyazoea. Siku mwanangu wa mwisho alipolia akitaka uji, nilimweleza kwa upole kwamba kile anachokisikia tumboni ni subira tu. Akaendelea kulia, maana watoto hawasomi nyaraka.

Mimi naitwa Sefania Mdoe, Karani wa Kata ya Mbavuni, mwaka wa kumi na tisa kazini bila onyo hata moja. Naandika kwa sababu mambo ya kilima chetu yamesemwa sana vilabuni, na kila anayeyasimulia anatia chumvi yake. Mimi chumvi sina, hata ya mboga. Nina majalada.

Kata yetu yote ni kilima kimoja, na mashamba yamening'inia ubavuni mwake kuanzia kileleni mpaka bondeni. Tangu enzi za babu zetu, mtu wa Mbavuni akishavuna mtama hachomi mabua. Huyalaza kwa mistari ya kukata mteremko, akayakandamiza kwa mawe, ili mvua ikija maji yapunguze mbio na udongo ubaki pale pale. Mtu asiyejua akiyaona atadhani ni takataka zimemwagwa, na hilo ndilo lililotuponza, kama mtakavyoona.

Shamba langu liko juu, na chini yangu kidogo liko shamba la shemeji yangu, Bi Namsifu. Mumewe, binamu yangu Elinipa, alikwenda machimboni mwaka wa kwanza wa ukaribu wa jua, na tangu hapo hajaleta hata salamu. Kamwachia watoto watatu na masuke ya mtama ya mbegu, yaliyofungwa kitita na kuning'inizwa juu ya mafiga ili moshi uyakinge na wadudu. Kila nyumba kilimani ilikuwa na kitita kama hicho. Msimu wa kwanza ulipoharibika tulianza kuvitazama, wa pili ulipoharibika tukaviteremsha. Sisi kwetu tulikula mbegu zetu kwa utaratibu mzuri, nikizigawa mwenyewe. Mpaka mwisho wa mwaka ni kitita cha Namsifu peke yake kilichobaki kilima kizima, na watoto wake walikuwa wakila majani ya kunde yaliyochemshwa huku kinawaning'inia kichwani.

Nilimuuliza siku moja anaupata wapi moyo huo. Akasema mvua ikija na udongo upo, kile kitita ni chakula cha mwaka mzima. Mvua ikija na udongo haupo, basi atajuta maisha yake yote kwa nini hakuwapikia watoto wakala. Nilimwona anawaza sana kwa mtu asiye na cheo.

* * *

Unga tuliomba, msidhani hatukuomba. Katika nchi yetu chakula huombwa kwa Fomu ya Kupunguza Subira, inayotiwa saini na watu sita, na mmoja wao sharti awe ameshiba, ili ushahidi usiwe na upendeleo. Tulimtafuta mtu huyo wiki tatu. Mwishowe tulimpata dereva wa kampuni ya soda aliyekuwa anapita njia, akasaini kwenye boneti ya gari, fomu ikaenda.

Lori likaja. Tukatoka wote na magunia mikononi, akina mama wakipiga vigelegele, na dereva akafungua turubai. Ndani mlikuwa na fagio mia nne. Zilikuwa fagio za vijiti, ndefu, za kufagilia uwanja, kila moja imepigwa muhuri wa Jamhuri kwenye mpini. Barua iliyoambatana nazo ilisema Mtukufu Rais ameichagua Mbavuni kuwa mahali pa kuadhimishia Siku ya Udongo kitaifa, na kwamba maombi yetu ya unga yamepokelewa kwa furaha na yatasomwa baada ya sherehe.

Siku ya pili yake akaja Mkuu wa Tarafa mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Bwanaheri Lusesa. Udokta wake aliupata kwenye semina ya siku mbili, na ya kwanza alichelewa. Alishuka garini, akafuta viatu kwa leso, akapiga hatua tatu, akafuta tena. Kisha akakitazama kilima kwa muda mrefu, na kwa sauti ya mtu aliyefiwa akauliza ni nani aliyemwaga takataka mlimani.

Nikamweleza habari ya mabua na mawe na mbio za maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu msikivu, halafu akanijibu kwa swali.

"Karani, mgeni akija kwako, unafagia uwanja au unamtandazia mabua?"

Hapo akawa amenishika pabaya. Nyie wasomaji mnajua tulivyo. Mtu wa Nadhifia anaweza kulala bila kula, lakini kuche asifagie uwanja, haiwezekani. Mwanamke anapoolewa, kitu cha kwanza mama mkwe anachokitazama ni mistari ya ufagio wake asubuhi, kama imenyooka au imepinda. Uwanja usiofagiwa unazungumzwa kisimani mwezi mzima. Kwa hiyo swali lile lilipotua katikati ya watu waliokuja kumpokea, niliwaona akina mama wanatazamana kwa aibu, kana kwamba wamekutwa na vyombo vichafu.

Dokta Lusesa akapanda juu ya kiti.

"Ndugu wananchi," alisema, "udongo ni mama yetu. Nani kati yenu atampokea Mtukufu huku mama yake amejifunika mabua kama kichaa? Udongo wa taifa huru lazima uonekane. Lazima ung'are. Kuanzia kesho, kilima kifagiwe!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga sana, mpaka viganja vikawasha.

* * *

Tulifagia siku kumi na mbili. Niliteuliwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Vumbi, cheo ambacho hakikuwepo kabla yangu, na niseme ukweli, kilinipendeza. Mabua yakakusanywa na kuchomwa. Mbuzi walisimama pembeni wakiutazama ule moshi, kwa kuwa mabua yale ndiyo yalikuwa chakula chao cha mwisho. Mawe yakateremshwa bondeni kujengea jukwaa la wageni, likapendeza kweli, pana, lenye ngazi saba. Yakatolewa majani, mizizi, hata visiki vya mtama, kila kitu ambacho si udongo mtupu.

Dokta alitaka mistari ya ufagio ishuke moja kwa moja kutoka kileleni mpaka jukwaani, ili jicho la Mtukufu likitoka juu liteleze bila kukwama. Hilo lilihitaji ufundi. Mke wangu, Yunisi, ndiye mwenye mkono ulionyooka kuliko wote kilimani, basi akawa mfano. Alifagia shamba letu kuanzia alfajiri, akiwa hajatia kitu tumboni, akirudi nyumanyuma ameinama, na alipomaliza lilionekana kama kichwa cha mtoto kilichochanwa. Nilijivuna mno. Wengine walianguka kwa uchovu tukawaandika kwenye daftari kuwa wamezidiwa na uzalendo.

Shamba moja tu likabaki na mabua yake.

Nilimwendea Namsifu mwenyewe, kama Mwenyekiti na kama shemeji. Nikamkuta anaongeza mawe. Nikamwambia kilima kizima kinamsubiri yeye, na kwamba ananitia aibu mbele ya Dokta. Akaendelea kupanga mawe yake. Akaniuliza kama uwanja wa nyumbani kwake nimeuona. Nikasema nimeuona, umefagiwa vizuri.

"Basi, shemeji," akasema, "uwanjani ninafagia kwa sababu sipandi kitu. Hapa napanda."

Nikamwonya kwamba kukataa kufagia ni kosa la uchafu wa makusudi, na adhabu yake ni kuhamishwa kata. Akasema sawa, lakini kuhamishwa ni baada ya kesi na kesi ni baada ya sherehe, na yeye anahesabu mawingu, hahesabu kesi. Halafu akanitania kwamba tumbo langu limeingia ndani mpaka mkanda wa serikali unanivuka. Shemeji ana haki ya kukutania, sikuwa na la kufanya. Niliondoka huku nimekasirika, na zaidi nilikasirika kwa sababu mkanda ulikuwa unanivuka kweli.

Dokta hakukosa njia. Aliagiza turubai kubwa likasimamishwe kwa nguzo mbele ya shamba lile, na akaletwa mchoraji kutoka mjini achore udongo msafi juu yake. Mchoraji yule maisha yake yote alikuwa amechora kuta za baa. Alichora udongo vizuri sana, wa kahawia, wenye mistari ya ufagio iliyonyooka, ila kwa mazoea akaweka glasi yenye povu kwenye kona ya chini. Dokta akaitazama, akasema waiache tu, inaashiria ustawi.

* * *

Siku ya Udongo ikafika. Mtukufu Rais alikuja na magari arobaini na moja, na la mwisho lilibeba udongo wake wa kukanyagia, uliochekechwa. Alipoketi jukwaani akakiangalia kilima kilivyong'ara kuanzia juu mpaka chini, kitupu, chenye mistari yake, na wote tuliona kwamba jicho lake linateleza vizuri.

Hotuba ilianza saa nne. Aliusifu udongo wa Mbavuni kwa nidhamu. Alisema udongo usio na nidhamu ndio unaorudisha nyuma maendeleo, akautaka udongo wa tarafa nyingine uje ujifunze kwetu. Saa saba wingu likatokea nyuma ya kilele. Saa saba na nusu yakawa mengi, meusi, na upepo ukaanza kubeba kofia za wageni. Mtukufu akanyoosha kidole juu na kusema mnaona wenyewe, serikali yenu imeleta mvua. Ikanyesha.

Jamani, misimu miwili. Sitaki kuwaficha, nililia. Watu walifungua midomo wakaielekeza juu. Mke wangu alivua kitambaa cha kichwa akakinyoosha kama anayepokea mtoto. Hata bendi ya serikali iliacha kupiga.

Kisha nikasikia mlio nisioujua, mlio mzito, unaotoka chini ya miguu. Maji yalikuwa yamefika kwenye mistari ya ufagio. Kila mstari tuliounyoosha kwa siku kumi na mbili ulikuwa njia, na kila tone liliona pa kupita bila kuuliza. Yalishuka kwanza mekundu, halafu meusi, halafu mazito kama uji, yakiwa yamebeba mashamba yetu. Hayakukutana na bua wala jiwe. Yalikwenda yakafika jukwaani, yakapanda ngazi moja, ya pili, ya tano. Mtukufu alibebwa mgongoni na waziri mmoja, na viatu vyake hatujavipata mpaka leo.

Jioni ile Redio Nadhifia ilitangaza kwamba mapenzi ya wananchi wa Mbavuni kwa kiongozi wao ni makubwa kiasi kwamba hata udongo uliteremka mlimani kwenda kumlaki.

* * *

Kulipokucha nilipanda shambani. Nililikuta jiwe, jiwe la kijivu lililolowa, pana, na katikati yake korongo ambalo ng'ombe angeweza kupotelea. Yunisi alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amekaa juu ya lile jiwe, amekunja miguu, ufagio ameulaza mapajani. Nilitaka kumwambia neno la ofisi, nikalitafuta, sikulipata. Nilikaa kando yake. Iliniuma, ndugu zangu. Baba yangu alilima pale, na baba yake.

Tukiwa pale juu tuliweza kuona chini yetu. Turubai lilikuwa limekwenda na maji, glasi na kila kitu. Shamba la Namsifu lilikuwa pale pale. Si hivyo tu, lilikuwa limenenepa. Nyuma ya kila mstari wa mabua ulikuwa umejaa udongo mweusi, laini, unaofika magotini. Naye alikuwa anatembea ndani yake taratibu, akiuponda kwa vidole vya miguu.

Dokta Lusesa alirudi baada ya siku mbili, kwa miguu, maana barabara nayo ilikuwa imeondoka. Huko juu serikalini walikuwa wamemuuliza kwa nini kilima cha kitaifa kimebaki mifupa, na alihitaji mtu. Alizunguka kilima, akaona chote ni jiwe, akaona shamba moja lina udongo, akapiga hesabu yake akamaliza.

"Mwizi amepatikana," akasema.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Mwenendo wa Udongo. Dokta alikuwa mwenyekiti, mimi karani, na mjumbe wa tatu hakupatikana kwa sababu ya barabara. Shitaka lilisomwa shambani kwenyewe: kwamba Bi Namsifu alitega, akapokea na kuficha udongo wa watu wengine, bila kibali cha kusafirisha udongo kutoka shamba moja kwenda lingine. Ilikuwa kesi nyepesi. Juu yake tulikuwa familia tano. Kila mkuu wa familia angeushika ule udongo, angeutambua wa kwake, na hapo shamba lingetwaliwa, na Namsifu na watoto wake wangetolewa katani.

Namsifu aliulizwa kama ana la kusema. Alisema udongo bado una maji, lakini hayatakaa zaidi ya siku nne, tano kwa bahati. Ukikauka kabla hajapanda, basi wamfunge au wamwachie ni yale yale. Akaomba kesi iende haraka. Kitita cha masuke alikuwa amekifunga kiunoni, chini ya kanga, na kilikuwa kinaonekana. Dokta akaagiza niandike kwamba mshitakiwa ana dharau.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Mzee Mbonea, mwenye shamba la kileleni. Aliinama, akachota ngumi moja, akanusa, akaonja hata. Wote tulijua kwamba ule mwekundu wenye changarawe ni wake. Akautema na kusema huu si wangu, wangu ulikuwa mchachu. Wa pili akasema wake ulikuwa wa baridi, huu una joto. Wa tatu akasema yeye udongo wake anaujua kwa sura, na huyu hamjui kabisa. Wa nne, mama mmoja mjane, alisema wake ulikuwa mwembamba kwa ajili ya subira, huu umenenepa mno. Dokta alianza kufuta viatu, ingawa hakuna palipokuwa pakavu pa kukanyaga.

"Karani," akasema, "wewe ni mtu wa serikali. Shamba lako ndilo lililo karibu kuliko yote. Chota."

Nikachota. Ndani ya ngumi yangu kulikuwa na kitu kigumu. Nikafungua vidole kidogo, nikaona kigae cha mtungi, chenye nakshi zilizochorwa kwa kitana cha mti. Nilikijua. Siku nilipopata barua ya kuajiriwa, mama yangu alikuwa anapanda kutoka kisimani na mtungi kichwani, na niliposoma ile barua kwa sauti alishangilia kwa mikono yote miwili, akasahau mtungi. Ulivunjikia katikati ya shamba letu. Hakuusikitikia hata kidogo, alisema karani atamnunulia mwingine, na vigae vikalimwa humo humo miaka kumi na tisa.

Nilimtazama Namsifu. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama jua limefika wapi.

Katika miaka yangu yote sijawahi kuiambia serikali uongo ambao haikuniomba yenyewe. Huu ulikuwa wa kwanza.

"Siutambui, Mheshimiwa," nikasema, na kigae nikakitia mfukoni.

* * *

Dokta Lusesa hakuwa mtu wa kukwama. Alitafakari kidogo, akatamka hukumu: udongo usio na mwenyewe ni mali ya Serikali. Lori litakuja kuuchukua wote na kuupeleka makao makuu, ambako umehitajika kwa muda mrefu kwenye vyungu vya maua vya Wizara. Mpaka hapo, Karani Mdoe ndiye mlinzi, na ahakikishe hausogei hata kijiko kimoja. Akaniachia agizo hilo kwa maandishi, lenye muhuri, akaondoka kwa miguu, akiruka makorongo na viatu mkononi.

Nilisimama na ile karatasi. Agizo ni agizo. Nikamuuliza Namsifu kitaalamu, udongo unazuiwaje usisogee. Akanitazama kama mtu anayetazama punda aliyesema jambo.

"Unashikwa na mizizi, shemeji."

"Mizizi ya nini?"

"Ya mtama."

Basi, kwa mujibu wa agizo la Tarafa, ule udongo ukapandwa mchana ule ule. Nilishika jembe mwenyewe nikiwa nimevaa shati la ofisi. Yunisi alidondosha mbegu nyuma yangu, Namsifu akafukia kwa mguu, na watoto wake walifukuza kunguru. Pembeni nikasimamisha kibao kwa mwandiko wangu mzuri: UDONGO WA SERIKALI, USIGUSWE. Lori linasubiriwa mpaka leo, kwa kuwa ili lije lazima kuwe na barabara, na ili kuwe na barabara lazima kuwe na udongo.

Mbegu zilipokwisha kuingia ardhini yalibaki masuke matano. Namsifu akaita zile familia tano, akaipa kila moja suke moja. Hakuna aliyelipokea mara moja. Mzee Mbonea alisema ahsante, lakini atalipanda wapi, kwenye jiwe?

Namsifu akanigeukia mimi.

"Shemeji, zile fagio zenu bado mnazo?"

Zilikuwepo. Zote mia nne zilikuwa zimerudishwa ofisini kwangu, zimepangwa, maana ni mali ya Jamhuri na ina muhuri. Akasema zileteni. Mabua yamechomwa, mawe yako bondeni chini ya matope, majani hakuna, lakini vijiti ni vijiti. Tukazibeba mabegani mpaka kileleni. Alitembea mbele yetu akituonyesha kwa mkono, hapa, na hapa, si hivyo, laza kwa kukata mteremko. Tukazilaza mistari kwa mistari, tukazifunga kwa kamba za mkonge na kuzibana kwa vipande vya mawe tulivyovichimbua jukwaani. Kisha tukashuka bondeni na makarai na vikapu, tukaanza kuupandisha kichwani udongo ambao maji yalikuwa yameusahau huko. Kutoka bondeni mpaka kwangu ni safari ya kuchosha mtu aliyeshiba, na hakuna aliyekuwa ameshiba. Yunisi alikwenda mara tisa siku ya kwanza. Ule mkono wake ulionyooka sasa ulikuwa unanyoosha mistari upande mwingine.

Dokta aliandika kuuliza hali ya fagio za Serikali. Nikamjibu kwa ukweli kabisa kwamba fagio zote mia nne ziko kilimani, zinafanya kazi mvua na jua, na hakuna hata moja iliyolala ndani. Alifurahi mno. Alinipandisha cheo kwa barua, na akaagiza kata nyingine zije zijifunze.

Mvua ya pili ilikuja wiki tatu baadaye, asubuhi, tukiwa tunakunywa maji ya moto. Unga hatujaupata bado, fomu yetu imerudishwa kwa sababu yule dereva wa soda aliandika tarehe vibaya. Nilisimama mlangoni na kigae changu mfukoni. Maji yalianza kushuka kutoka kileleni kwa nguvu ile ile, yakiwa mekundu, na nikashika mwimo wa mlango. Yakafika kwenye ufagio wa kwanza, yakasitasita. Yakazunguka pale, yakatua kile yalichobeba, kisha yakapita taratibu kwenda kwenye wa pili, na yalipovuka wa mwisho yalikuwa meupe.

Ofisi haina fomu ya kuripoti jambo kama hilo. Nilimwita mke wangu aje aone.